Kabla Mdudu Hajaliwa: Makao na Chakula cha Nyenje, Mende na Mabuu

Mjusi ninayemfuga ni wa aina iitwayo geko chui, mnyama mdogo mwenye madoa ambaye hatagusa jani wala tunda maishani mwake, kwa kuwa chakula chake ni wadudu tu, tena walio hai. Nilipoanza kumfuga nilisoma kila nilichokipata kuhusu joto la makao yake, maficho yake na namna ya kumshika, lakini kuhusu wadudu niliridhika na kujua kwamba wananunuliwa na kwamba wanaliwa. Ilinichukua miezi kadhaa, na vifo vya nyenje wasio na idadi, kukubali kwamba nilikuwa nafuga wanyama wa aina mbili, na kwamba yule niliyempuuza ndiye aliyekuwa mgumu zaidi kumtunza.

Nyenje wanaouzwa kwa kulishia mijusi mara nyingi ni wale wa Acheta domesticus, wadudu wa rangi ya kahawia isiyokolea wenye papasi, zile nyuzi za kichwani, ndefu kupita mwili wenyewe. Wangu wa kwanza niliwatia kwenye boksi dogo lenye kifuniko nilichokitoboa matundu machache, nikawawekea trei ya mayai, sifongo iliyolowa maji na majani mengi mabichi, nikaamini nimewafanyia hisani. Nilipofunua kifuniko asubuhi ya siku ya tatu nilipigwa na harufu kali iliyochoma pua. Matone ya maji yalikuwa yametanda upande wa ndani wa kifuniko, nyenje karibu wote walikuwa wamelala chali, na wachache waliosalia walikuwa wamejikusanya kwenye ncha ya juu kabisa ya trei ya mayai. Nilimlaumu muuzaji kwa kuniuzia wadudu wagonjwa, na nikaendelea kumlaumu mpaka kundi la pili nalo lilipokufa vilevile.

Chanzo kilikuwa unyevu usio na pa kutokea. Kinyesi cha nyenje kikiwa kikavu ni punje ndogo zisizo na madhara makubwa, lakini kikilowa huanza kuoza na kutoa amonia, na amonia ikikosa njia ya kutokea huwaua wadudu haraka kuliko njaa. Kwa hiyo boksi ninalotumia sasa ni la plastiki laini, lenye kina cha karibu nusu mita, na kifuniko chake nimekikata dirisha kubwa lililochukua zaidi ya nusu ya eneo lake, kisha nikaliziba kwa wavu wa waya uliobandikwa kwa gundi ya moto. Wavu wa nailoni niliujaribu. Nyenje waliutafuna kwa usiku mmoja. Sehemu ya juu ya kuta, kwa ndani, nimeizungushia utepe mpana unaong'aa, ule wa kufungia vifurushi, kwa sababu miguu ya nyenje huteleza juu yake na kuwazuia kufika kwenye ukingo ninapofungua.

Ndani yake mna trei za mayai za karatasi zilizosimamishwa wima badala ya kulazwa, ili kinyesi kidondoke hadi sakafuni na kila nyenje apate mahali pake pa kujishika. Nafasi hiyo ina maana kubwa kuliko inavyodhaniwa. Nyenje anapojivua gamba hubaki laini na asiyejiweza kwa muda, na akiwa katikati ya msongamano wenzake humla bila kusita. Sakafu naiacha tupu, bila mchanga wala maranda, jambo linaloniwezesha kuisafisha kila baada ya siku chache kwa kuhamisha trei na kumwaga takataka. Joto la nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi linawatosha. Wakiwa kwenye joto la juu zaidi ya hapo hukua upesi na kufa upesi, na madume waliokomaa, ambao ndio pekee wanaolia, hulia usiku kucha. Mwenye usingizi mwepesi anunue wadogo wasioota mabawa bado.

Maji ni jambo linalotaka busara, kwani nyenje anaweza kuzama katika maji yasiyozidi kina cha kifuniko cha chupa, na wakati huohuo akikosa maji hafiki mbali. Wako wanaotumia chembe za jeli zinazofyonza maji na kuvimba, na zinafaa. Mimi napendelea kipande cha karoti kinachobadilishwa kila siku, kwa sababu karoti hunyauka kabla ya kuoza, tofauti na tango, ambalo hulowesha sakafu na kunirudisha kwenye harufu ya asubuhi ile.

Kuhusu chakula, inafaa kutofautisha kati ya kile kinachomweka mdudu hai na kile kinachomfaa mjusi atakayemla mdudu huyo. Kwa uhai wake nyenje hutosheka na pumba za ngano zilizosagwa, nafaka kavu na majani ya kijani yaliyooshwa vizuri. Majani yenye mabaki ya dawa ya kuulia wadudu huwaua nyenje kabla hayajamfikia mjusi, na nadhani hiyo ndiyo huduma pekee ambayo mdudu humpa mfugaji bila kuombwa. Ila nyenje aliyeshiba pumba bado ni chakula chenye upungufu. Hana mifupa, umbo lake limeshikiliwa na ganda la nje ambalo halina kalsiamu ya maana, na fosforasi iliyo mwilini mwake huzidi kalsiamu mara kadhaa. Mjusi anahitaji kinyume chake, yaani kalsiamu inayokaribia mara mbili ya fosforasi. Asipoipata, mwili wake huanza kuichota kwenye mifupa yake mwenyewe, na matokeo huonekana polepole: taya linalolegea, miguu inayopinda, mtetemeko wa vidole, na hatimaye mnyama anayejikokota kwa tumbo.

Pengo hilo huzibwa kwa njia mbili, na mimi hutumia zote. Ya kwanza ni kumshibisha mdudu chakula chenye kalsiamu nyingi kwa saa 24 hadi 48 kabla ya kuliwa, ili tumbo lake liwe kama kifuko kinachopeleka madini hayo kwa mjusi. Chakula cha namna hiyo hakiwafai nyenje wakiishi nacho kwa muda mrefu, na ndiyo maana nina boksi dogo la pembeni, ninaloliita boksi la shibe, ambamo huwaingiza wale tu walio kwenye zamu ya kuliwa. Humo nawawekea mchanganyiko mkavu wenye kalsiamu pamoja na majani ya kijani iliyokolea na viazi vitamu. Spinachi siiweki, kwa sababu ina oksalati inayofungamana na kalsiamu na kuizuia isifyonzwe.

Njia ya pili ni unga wa kalsiamu. Natia nyenje watano au sita kwenye kikombe kirefu, naongeza unga kidogo kwa ncha ya kijiko, nakizungusha kikombe taratibu mara tatu nne, nao hutoka wakiwa weupe kama walioangukia kwenye gunia la unga. Lazima waliwe mara moja. Nyenje hujisafisha kwa bidii, akipitisha papasi zake mdomoni moja baada ya nyingine, na ndani ya saa chache atakuwa ameirudia rangi yake na unga umebaki sakafuni. Tena kalsiamu pekee haitoshi, kwa kuwa utumbo wa mjusi hauwezi kuifyonza bila vitamini D3, ambayo huitengeneza ngozini akipata taa ya mionzi ya urujuanimno au huipata kwenye unga uliochanganywa nayo. Vitamini hiyo hujilimbikiza mwilini na ikizidi hudhuru, kwa hiyo ratiba ya unga huo ni vizuri ipangwe na daktari wa mifugo anayewajua mijusi, kulingana na umri wa mnyama na taa aliyonayo.

Baada ya mwaka mmoja wa nyenje nilihamia kwa mende, uamuzi ambao haukupokelewa vizuri na watu ninaoishi nao. Mende hawa si wale wa jikoni. Ni Blaptica dubia kutoka Amerika ya Kusini, wafugaji huwaita dubia tu, nao hawawezi kupanda ukuta laini wa plastiki, hawalii, na harufu yao ni ndogo mno. Dume ana mabawa kamili ambayo hayatumii kwa kuruka hasa, na jike ana vijibawa vifupi visivyo na kazi. Jike hazai mayai ya kuachwa mahali. Huyabeba ndani ya mwili na kuzaa watoto walio hai, kwa kawaida 20 hadi 30, iwapo joto ni la nyuzi 28 hivi au zaidi. Kwenye baridi huishi lakini hawazai, na watoto huhitaji miezi kama minne hadi sita kukomaa, hivyo anayeanzisha kundi avumilie muda mrefu bila kuchota humo.

Mazoea niliyojifunza kwa nyenje yalinipotosha hapa. Nilikuwa nikisafisha boksi la mende kila wiki mpaka nikatambua kwamba watoto wao wanajilisha pia kwenye kinyesi cha wakubwa, na kwamba tabaka jembamba kavu sakafuni linawafaa. Sasa hulisafisha mara moja kwa miezi kadhaa, nikiwa nimefunika pua na mdomo, kwa sababu vumbi la vinyesi na magamba ya wadudu hawa huwasababishia baadhi ya watu mzio, na mimi nilianza kupiga chafya mapema. Nayapunguza pia mazoea ya kuwapa chakula cha paka. Mende huhifadhi protini iliyozidi kwa umbo la asidi ya yuriki mwilini, nami sioni sababu ya kumpelekea mjusi mzigo huo. Kitu ninachokisubiri kila nikifungua boksi lao ni mende aliyejivua gamba punde tu. Huwa mweupe kama maziwa, macho meusi mawili yakionekana wazi, naye hubaki hivyo kwa saa chache kabla ganda halijakauka na kuwa kahawia. Geko wangu humtambua kutoka upande wa pili wa makao.

Mabuu yanahitaji maneno machache. Yale ya mbawakawa aitwaye Tenebrio molitor huishi ndani ya pumba za ngano ambazo ni kitanda na chakula kwa pamoja, na yakiwekwa kwenye jokofu la nyuzi 7 hadi 10 hupunguza ukuaji, mradi yatolewe mara moja kwa wiki ili yapewe karoti. Pumba zikipata unyevu hujaa utitiri, na hapo dawa pekee niliyoiona ni kuzitupa. Mabuu makubwa ya Zophobas, mbawakawa mwingine, yasiwekwe kwenye jokofu kamwe, kwani baridi huyaua. Nayo hayageuki kuwa pupa, yaani hatua ya kati ya buu na mdudu kamili, yakiwa kwenye kundi, hivyo anayetaka mbawakawa wa kuzaa humtenga kila buu kwenye kikebe chake. Yale ya inzi askari mweusi, Hermetia illucens, yana kalsiamu ya kutosha kiasi kwamba hayahitaji unga. Buu wa nondo wa nta ni mafuta matupu. Nilimpa geko wangu mfululizo kwa wiki moja, akakataa kila kitu kingine kwa siku kumi, akiwatazama nyenje wakipita mbele ya pua yake. Na ule uvumi kwamba buu akimezwa hutoboa tumbo na kutoka nje haufai kumtisha mtu, kwa kuwa mjusi mwenye afya humponda kwa taya kabla ya kummeza.

Wadudu wa bustanini siwatumii hata wakionekana wanono. Wengine hubeba dawa ya kuulia wadudu au vimelea, na wengine ni sumu wenyewe: vimulimuli wa Amerika Kaskazini wamewahi kuua mijusi wa kufugwa walioonjeshwa mmoja tu. Ukubwa wa mdudu nao ninaupima kwa macho, usizidi nafasi iliyo kati ya jicho na jicho la mjusi. Nyenje ambao hawajaliwa ndani ya robo saa nawatoa, maana wakikesha na mjusi aliyelala humtafuna vidole na pembe za macho, nami nimewahi kukuta kidonda cha namna hiyo asubuhi.

Kundi jipya la nyenje silichanganyi na la zamani, na boksi hulisugua kwa maji ya moto kabla halijapokea wageni. Kuna virusi vinavyowashambulia Acheta domesticus ambavyo, mwaka 2010, viliyafagia mashamba mengi ya nyenje Amerika Kaskazini. Mijusi haviwaambukizi, ila kundi zima laweza kuanguka chali kwa siku chache, na safari hiyo mfugaji hatakuwa na la kujilaumu.

Wadudu waliozidi siwaachii nje, kwa kuwa wengi si wa mazingira wanayoachiwa. Nawatia kwenye friza kwa siku mbili. Pumba na takataka za sakafuni, ambazo zaweza kuwa na mayai yasiyoonekana, nazo hupita kwenye friza hiyohiyo, ndani ya mfuko uliofungwa na kuandikwa kwa kalamu nene ili mwingine asije akadhani ni unga, kisha huenda kwenye vyungu vya maua, ambako kinyesi cha wadudu ni mbolea nzuri.