Bustani ya Phoenix: kuiwahi Juni

Mwishoni mwa Januari

Jaruba la pili limenigomea. Nilipofika kama futi moja chini, sururu ikaanza kudunda na kurusha cheche. Hii ndiyo kaliche, tabaka la chokaa lililoshikana kama zege, na sehemu kubwa ya jangwa la Sonora, ambamo mji wetu wa Phoenix, Marekani, umo, inayo mahali fulani chini. Rangi yake nyeupe chafu, na ukiimwagia siki inatoa povu. Kipimo chake ni rahisi: jaza shimo maji, uende ukalale. Asubuhi ukiyakuta bado yapo, hapo mzizi haupiti, na chumvi nayo haitapata pa kutokea. Nimetoboa kwa mtaimbo mpaka nikaona maji yananywea, ndipo nikarudishia udongo na mboji.

Kwa nini majaruba wakati majirani wote wana matuta ya mbao yaliyoinuliwa? Phoenix haipati hata milimita 200 za mvua kwa mwaka. Kwetu Dodoma, ambako watu wa mikoa mingine hutuonea huruma kwa ukame, mvua ni karibu mara tatu ya hiyo. Tuta la juu linapigwa jua pande zote na kukauka kabla ya mchana. Jaruba la chini linakusanya maji na kuipatia mizizi kivuli. Wazuni, wenyeji wa asili wa New Mexico, wamelima hivyo tangu zamani, vijaruba vidogo vya mraba vyenye kingo za udongo, na sijaona sababu ya kuwazidi ujanja.

Jambo moja kwa wenzangu tuliozoea kumwaga majivu ya jikoni shambani: hapa msifanye. Udongo una magadi tayari, pH 8 au zaidi, na majivu yanazidisha. Mboji nyingi, salfa kidogo, basi.

Katikati ya Februari

Nyanya zimeingia ardhini. Hapa mjini tarehe 15 Februari ndiyo inayochukuliwa kuwa mwisho wa kawaida wa jalidi, ile baridi inayounguza majani usiku mmoja. Inaweza kurudi, kwa hiyo shuka kuukuu ziko tayari mlangoni. Ila kusubiri zaidi ni hasara.

Pakiti ya mbegu inasema panda Mei. Hiyo ni kwa watu wa nchi baridi. Hata Flagstaff, jimbo hilihili la Arizona, iko zaidi ya mita 2,100 juu ya bahari na Aprili bado theluji inaweza kuanguka. Sisi huku bondeni tuko kwenye mita 330 hivi, na adui wetu anatokea upande wa pili wa kalenda. Mchana ukishavuka nyuzi 35 na usiku ukakataa kupoa, chavua ya nyanya inaharibika na maua yanapukutika bila kufunga tunda. Kwa hiyo mimi nahesabu kinyumenyume kutoka mwanzo wa Juni. Nyanya ndogondogo zinazokomaa miezi miwili baada ya kupandikizwa zinawahi. Zile kubwa za kukata vipande mviringo, ambazo kila mtu anazitamani, nyingi zinakutwa na joto zikiwa bado na maua.

Wavu wa kivuli nimeufunga mapema kuliko joto lenyewe. Kuna kadudu karukaji kanakosambaza virusi vya kukunja majani, na kanapenda mimea iliyo kwenye jua kali. Mche ukishaugua hauna dawa, ni kung'oa.

Machi, wiki za mwisho

Sasa ndiyo raha yangu. Miti ya palo verde imejaa maua ya njano barabarani, na udongo umepata joto la kutosha kwa bamia. Mbegu nimeziloweka usiku kucha. Asubuhi ganda limevimba, na chache zimepasuka kichwani zikionyesha kincha cheupe kisichozidi punje ya mchele. Hizo nimezishika kwa ncha ya kijiko, maana kile kincha ndicho mzizi, na ukikivunja umeipoteza mbegu.

Kunde zimefuata, pembeni mwa jaruba la tatu. Sitazamii sana punje zenyewe, nataka majani.

Kwale wa hapa, wale wenye kishungi kinachoning'inia mbele ya uso, hutembea familia nzima asubuhi na kudonoa kila kinachochipua. Nimefunika mistari kwa waya wa kuku mpaka miche iwe na majani manne. Dawa nyingine sijui, na hii inatosha.

Mama mmoja Mkongo tunayelima naye jirani alipita akacheka nyanya zangu. "Ndugu yangu, unahangaika na hizo za nini? Panda lengalenga, jua likuje likute mboga." Ana haki. Mchicha pori unaota wenyewe katika jangwa hili mvua za Julai zikishuka, na Wao'odham, wenyeji wa asili wa hapa, wamekuwa wakiula miaka yote. Nimemwaga mbegu za mchicha wangu mahali nilipopanga kuweka matango.

Aprili

Marando ya viazi vitamu yamewekwa. Mengine ni maji tu. Maji ya bomba hapa, mengi ya Mto Colorado na Mto Salt, yana chumvi. Ukinyunyiza kidogokidogo kila siku, chumvi inabaki juu na utaiona kama ukoko mweupe kando ya mipira ya matone. Mimi naacha matone yachuruzike muda mrefu alfajiri, mpaka fito ya chuma inazama kirahisi zaidi ya nusu mita, kisha napumzika siku kadhaa. Juu nimetandaza majani makavu, unene wa kiganja. Bila matandazo yote haya ni kazi bure.

Jua la kuogopwa ni la alasiri. Pilipili zote nimezisogeza upande wa mashariki wa ukuta, zipate la asubuhi na kuanzia saa nane ziwe kivulini.

Mwisho wa Mei

Nyanya zinaiva kwa fujo, bakuli kwa bakuli. Nazichuma zikianza tu kubadilika rangi, ziivie ndani, kwani zikibaki nje ndege wananitangulia. Bamia zimefika kiunoni na zinataka kuchumwa kila siku, zikipitiliza mbili tu zinakuwa kamba.

Swali ni nyanya zifanywe nini joto likiingia. Wapo wanaozipunguza matawi, kuzifunika na kuzibembeleza mpaka Septemba. Mwaka 2023 mji huu ulikaa siku 31 mfululizo kwenye nyuzi 43 na zaidi, na mwaka uliofuata siku 113 mfululizo hazikushuka chini ya 37 mchana. Maji ya kuuweka hai mmea usiozaa miezi mitatu sina. Tunda la mwisho likichumwa nang'oa, na marando ya viazi yaliyo jirani yatatambaa kuchukua nafasi. Matembele yameshaanza kuliwa tangu juzi, na nazi ya kopo.