Kalafati ya Venice

Jumamosi tatu mfululizo nilisimama ng'ambo ya mfereji pale San Trovaso, hapa Venice, katikati ya watalii, nikipiga picha za squero. Squero ni karakana ya kuundia na kukarabatia gondola, mashua nyembamba za mifereji ya Venice. Ile ni ya karne ya 17, na jengo lake la mbao limefanana na nyumba za milimani kwa kuwa mafundi wa zamani walitoka Cadore, milimani kaskazini mwa Venice, huko huko zilikotoka mbao. Picha zilitoka safi, ila zilikuwa picha za nyumba. Mikono sikuiona.

Jumamosi ya nne nikapita kwenye squero nyingine ndogo, mlango uko wazi. Mzee ameinama ubavuni mwa chombo, anasindilia nyuzi za pamba katikati ya mbao mbili kwa patasi butu na nyundo, maji yasipenye. Tak, tak, kisha kimya, kisha tak. Mlio ule nimelala nao utotoni Matondoni, ami yangu akiunda majahazi. Nikamuuliza anafanya nini. "Calafato," akajibu bila kugeuka. Nikapaza sauti bila kukusudia: "Hata kwetu Lamu ni kalafati!" Akaweka nyundo chini, akanisogezea kopo tupu la rangi nikae.

Sasa ni mwaka wa pili. Wiki nzima nafanya usafi hotelini, Jumamosi napanda treni kutoka Mestre, upande wa bara, ambako ndiko tunakomudu kodi, niende kwake na kamera.

Gondola ina vipande kama 280 vya mbao za aina nane, na urefu wa karibu mita 11. Ubavu wa kushoto ni mpana kuliko wa kulia kwa sentimita 24. Mpiga kasia husimama nyuma upande wa kushoto na kasia lake moja huvuta maji kulia. Chombo kingekuwa sawasawa kingezunguka tu. Kwa hiyo wanakipinda makusudi. Nilipomweleza ami kwa simu alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Huyo aliyeanza hilo alikuwa fundi."

Picha ninayoipenda kuliko zote ni ya siku ya kupinda ubao. Wanaulowesha maji upande mmoja, upande wa pili wanachoma matete makavu, na ubao unajikunja polepole kufuata mataruma, yaani mbavu za chombo. Mzee ametandaza kiganja karibu na moto, anasikiliza joto. Kucha ya gumba ni nyeusi, lami imejaa kwenye mistari ya ngozi. Kipimajoto hana wala hakihitaji.

Mwanafunzi hana pia, na hilo linaniuma. Kijana atajifunza wapi, na atalala wapi? Mwaka 1951 mji huu wa visiwani ulikuwa na watu wapatao 175,000. Mwaka 2022 walishuka chini ya 50,000. Nyumba zimekuwa za wageni, na karakana nyingi zimegeuka maduka ya vinyago vya plastiki. Nyumbani nako boti za faiba zinaingia kila mwaka, na vijana wanaoshika tezo ni wachache.

Ndiyo maana nawaomba ndugu zangu mlioko huku na kamera: gondola iliyokwisha kupakwa rangi nyeusi ina picha za kutosha. Pigeni picha kazi ikiwa katikati, hatua kwa hatua, na mchape picha mmpelekee fundi mwenyewe. Mzee wangu amezibandika zangu ukutani, juu ya vipimo vya mbao alivyoachiwa na babake.

Jumamosi iliyopita nilimrekodi video akikalafati, nikamtumia ami. Usiku ikaja sauti yake: "Mwanangu, mkono wake mzuri. Lakini muulize, mbona pamba yake kavu? Sisi tunaichovya mafuta kwanza." Nimeiandika kwa Kiitaliano kwenye karatasi. Jumamosi nitampelekea.