Mabwawa ya majitaka na kazi ya viumbe wasioonekana kwa macho

Wengi wanaopita karibu na mabwawa ya majitaka ya Mabogini, mjini Moshi, huziba pua na kuharakisha mwendo, ilhali pale pana mtambo wa kibiolojia unaostahili kutazamwa kwa makini.

Baada ya chujio la vyuma kunasa matambara na plastiki, majitaka huingia katika bwawa la kwanza, ambalo kwa kawaida huwa na kina cha mita 2 hadi 5. Uchafu mzito huzama, na bakteria wasiohitaji oksijeni huuozesha na kutoa gesi ya metheni. Ndiyo maana maji hayo meusi hutoa mapovu kutwa nzima. Katika nchi zenye joto kama yetu, hatua hii peke yake huweza kuondoa karibu nusu ya uchafu unaooza.

Linalonivutia zaidi ni bwawa la pili, lenye kina cha takriban mita moja na nusu na maji ya kijani. Humo bakteria hula uchafu uliosalia na kutoa hewa ya ukaa, mwani huichukua hewa hiyo na, kwa nguvu ya jua, huwapa bakteria oksijeni wanayoihitaji. Mwani ukifyonza hewa ya ukaa kwa wingi wakati wa mchana, pH ya maji, yaani kipimo cha uasidi au ualkali wake, huweza kupanda kupita 9, hali ambayo bakteria wengi wa kinyesi hawaistahimili. Mabwawa ya mwisho huwa na kina kifupi ili mwanga upenye vizuri na kuua vijidudu vilivyobaki, huku mayai ya minyoo yakiendelea kuzama.

Ipo pia njia nyingine: mwaka 1914, wanakemia Edward Ardern na William Lockett walionyesha huko Manchester, Uingereza, kwamba tope lenye bakteria likibakizwa na kupulizwa hewa, majitaka husafika kwa saa chache badala ya wiki kadhaa. Njia hiyo huokoa ardhi, lakini hutaka umeme usiku na mchana. Kwa hiyo naamini kwamba miji yetu mingi yenye nafasi inafaa kuendelea na mabwawa.

Sharti ni kuyatunza. Tope likiachwa lijae, maji hupita upesi kabla viumbe hawajamaliza kazi yao, na mayai ya minyoo hutoka nayo. Bwawa la kwanza lapaswa kuondolewa tope likifikia theluthi moja ya ujazo wake, na fedha za kazi hiyo zitengwe mapema, kwa sababu maji yanayotoka Mabogini hutumika kumwagilia mashamba ya mpunga, ambako wakulima huyakanyaga kwa miguu yao.