Faida ipo, hela iko wapi?

Watu wakisikia naongoza mipango na uchambuzi wa fedha upande wa hazina (idara inayosimamia hela taslimu na mikopo) kwenye kampuni kubwa ya nishati, wengi wanadhani kazi yangu ni bajeti na ripoti za mwisho wa mwezi. Zipo kweli, lakini swali ninalolala nalo na kuamka nalo ni moja: siku ya malipo ikifika, hela itakuwepo benki? Manake kampuni inaweza kuwa na faida nzuri tu vitabuni na bado ikakwama kulipa.

Kwenye nishati hatari hii ni kubwa mno na hata wahasibu wazoefu huwa wanaipita juu juu, kwa hiyo ngoja niieleze. Mzalishaji wa umeme huwa anauza mapema, yaani leo anafunga bei ya umeme wa mwaka kesho ili bei ikishuka asiumie. Tuseme umeuza MWh (megawati-saa, kipimo cha umeme) milioni 1 kwa euro 50 kila moja, halafu bei ikapanda mpaka 80. Mkataba huo sasa una hasara ya euro milioni 30, na soko la mikataba linataka uweke dhamana, taslimu, siku hiyo hiyo au kesho yake. Sawa, umeme wenyewe nao umepanda thamani kwa kiasi hicho hicho, mwisho wa hesabu hujapoteza kitu, ila hela ya umeme unaipata mwaka kesho ukishauzalisha na kuuza, na dhamana inadaiwa leo!

Hii siyo nadharia. Agosti 2022 bei ya gesi Ulaya ilipita euro 300 kwa MWh na kuvuta ya umeme nayo juu, na Septemba Axpo ya Uswisi ikaiomba serikali msaada, ikafunguliwa mkopo wa hadi faranga bilioni 4, na Fortum ya Finland nayo ikapata mkopo wa dharura wa euro bilioni 2.35 kutoka kampuni ya serikali. (Uniper ya Ujerumani ni kisa tofauti, ile iliumizwa zaidi na gesi ya Urusi kukatwa ikabidi inunue kwa bei ya juu kujazia pengo, mpaka serikali ikaichukua.)

Ndo maana kwenye jedwali letu la makadirio ya hela itakayoingia na kutoka wiki 13 zijazo, dhamana ina mstari wake peke yake, na chini yake tunauliza bei ikipanda nusu inakuwaje, ikipanda mara mbili inakuwaje, na benki gani zimeshajifunga kwa maandishi kutukopesha siku hiyo. Ahadi ya mdomo siihesabu.

Mistari mingine ni simu tu, na hapa ndo nawasisitizia sana vijana wa timu yangu. Mfano malipo ya matengenezo ya tabo (mtambo unaozungusha jenereta) yamewekwa wiki ya 5 kwa sababu mkataba unasema hivyo, unampigia meneja wa mradi anakwambia ukaguzi haujaisha, ankara haitatoka kabla ya wiki ya 9. Hiyo simu ya dakika mbili imekuokolea mkopo wa mwezi mzima ambao hukuuhitaji, na riba yake.

Kinachoniudhi ni kila idara kuongeza kidogo "kwa tahadhari". Huyu kaongeza, yule kaongeza, zikijumlishwa kampuni inaenda kukopa hela ambayo hakuna mtu ataitumia. Kwa hiyo kila Jumatatu tunaweka makadirio ya wiki iliyopita pembeni ya kilicholipwa kweli, idara kwa idara, na aliyezidisha wiki tatu mfululizo nakaa naye tuangalie namba zake zinatoka wapi. Tahadhari iwe moja, ikae hazina, na mkuu wa fedha aujue ukubwa wake.

Sasa hivi napigania kitu kimoja na wenzetu wanaofanya biashara sokoni: mkataba wowote mkubwa wa kuuza mbele uje kwetu kabla haujasainiwa, ukiwa na makadirio ya dhamana itakayodaiwa bei ikitugeuka. Wanasema itawachelewesha. Saa moja inatosha, na nimeshawapa mtu wa timu yangu akae nao hapo hapo mezani kwao.