Pete za fimbo ya kuvulia: nilivyochagua zangu hapa Tanga

Watu wakiishika fimbo niliyojiundia huuliza ufito wake niliupata wapi, na rili, kile chombo cha kukunjia mshipi, ilinigharimu shilingi ngapi. Pete, yaani vile vikuku vinavyopitisha mshipi kuelekea nchani, haziulizwi. Nami katika kazi yote ile, kilichonikosesha usingizi ni pete: za aina gani, ngapi, na kila moja ikae wapi. Ufito mtupu wa futi 7 niliagiza kwa jamaa anayesafiri, mpini na kikalio cha rili vikabandikwa kwa jioni moja, basi. Pete zilikula muda wote uliobaki.

Nianze na matumizi, maana pete huchaguliwa kwa kazi. Mimi huvua kwenye boti, nje ya ghuba, nikirusha chambo bandia kutafuta kolekole, na nguru akijitokeza simkatai. Rili yangu ni ile inayoning'inia chini ya fimbo, ambamo mshipi huchomoka kwa mizunguko mipana. Mshipi wenyewe ni wa kusukwa, wa paundi 40, na mbele yake naunga kipande cha nailoni nene cha paundi 60. Wanaokokota chambo kwenye Mlango wa Pemba kumtafuta nduwaro wana hesabu nyingine. Wao hufunga hata pete zenye magurudumu. Hizo ni nzito, na kwa mtu anayerusha kutwa nzima ni mateso ya bure.

Pale Deep Sea, sokoni kwa samaki, nilimwamkia mzee mmoja wa mshipi wa mkono nikamwonyesha pete nilizokuwa nazo mfukoni. Akazigeuzageuza, akacheka. "Sisi, mwanangu, pete yetu hii," akaninyooshea kidole cha shahada. Kina mfereji kabisa, kovu juu ya kovu. Siku hizi huvaa kipande cha mpira kabla ya kushusha mshipi.

Mfereji kama ule ndio unaoziua pete za bei rahisi. Pete ya chuma kilichopakwa kromu hung'aa dukani, lakini mshipi wa kusukwa ukishabeba chumvi na mchanga hugeuka msumeno. Ukishachimba mfereji, mfereji nao unaanza kuutafuna mshipi, na utakatika siku umeshika samaki wa maana. Kwa hiyo nilitaka duara la ndani liwe la kauri. Kuna kauri ya oksidi ya alumini, ngumu ya kutosha na bei yake inavumilika, na kuna ya kabidi ya silikoni, ngumu zaidi na inayosambaza joto upesi. Joto si jambo dogo: mshipi wa kusukwa ni poliethilini, na samaki akikimbia kwa kasi msuguano huchemka pale mshipi unapopinda.

Fedha yangu haikutosha kuweka kabidi ya silikoni kote, na sioni kama ilihitajika. Niliiweka sehemu mbili, pete ya kwanza karibu na rili na ile ya nchani, kwa sababu ya kwanza hupigwa na mshipi wakati wa kurusha, na ya nchani hubeba kona kali kuliko zote. Katikati nikaweka oksidi ya alumini. Fremu za titani nilizipita. Ni nyepesi na hazishiki kutu, lakini bei ya seti moja ingenilisha mwezi mzima. Nilichukua chuma cha pua, nami huzisuuza kwa maji baridi kila nirudipo.

Ukubwa sasa. Namba ya pete ni upana wa duara la kauri kwa milimita, ukipima nje. Tundu lenyewe ni dogo zaidi. Nilianza na 25, ikafuata 16, kisha 10, halafu pete nne za namba 8 mpaka karibu na ncha. Pete kubwa hupokea ile mizunguko mipana ya mshipi na kuibana taratibu. Zikianza ndogo mapema mno mshipi hugonga na kurusha kunakuwa kufupi. Kujua zile ndogo zianzie wapi, nilinyoosha uzi kutoka katikati ya mhimili wa rili mpaka ulipogusa ufito. Kuanzia hapo, ndogo. Ningeweza kushuka mpaka namba 6 ili ncha iwe nyepesi, lakini fundo la kuungia nailoni ya paundi 60 lazima lipite bila kukwaruza, kwa hiyo nilibaki na 8. Karibu na rili nilitumia pete za miguu miwili kwa ajili ya nguvu, na mbele za mguu mmoja, maana kila gramu inayoongezwa nchani huifanya fimbo iwe nzito kujinyoosha.

Waunda fimbo wana hesabu yao: futi za fimbo, ongeza moja. Yangu, ukihesabu na ya nchani, ilitoka nane hivyohivyo, lakini sikuiamini hesabu kuliko mkunjo. Nilizibana pete kwa vipande vyembamba vya tyubu ya baiskeli (kwa mji huu tyubu kuukuu haitafutwi), nikapitisha mshipi, ncha yake nikaifunga kwenye ndoo ya mchanga, nikainua. Hapo ndipo ukweli unapoonekana. Mshipi unatakiwa ufuate upinde wa ufito kwa kona ndogondogo. Ukiona kona kali kwenye pete moja, au mshipi umeuacha ufito mbali kati ya pete mbili, sogeza, inua tena. Kadiri unavyokwenda nchani, ndivyo nafasi zinavyopungua. Mwenye rili ya kukaa juu ya fimbo awe mwangalifu zaidi, kwani kwake mshipi unaweza kuulalia ufito wenyewe.

Kabla ya kuzifunga pete kwa uzi, nilipiga tupa vidole vya miguu ya kila pete vikawa na mteremko, ili uzi upande bila kuacha tundu na chuma kisiukate ufito. Epoksi, ile gundi ya kupaka juu ya uzi, niliipaka baada ya masika kwisha, kwa kuwa unyevunyevu huiachia utando wa kunata. Mpwa wangu akawa anaizungusha fimbo polepole isije ikachuruzika upande mmoja, na alinidai soda kwa kazi hiyo.

Ya nchani haikuguswa na epoksi. Niliigandisha kwa gundi ya moto, ile ya vijiti, kwa sababu ndiyo pete inayogongwa gongwa kwenye ukingo wa boti. Kila baada ya muda napitisha pamba ndani yake. Nyuzi zikinasa, kauri imepata ufa. Nitaipasha kwa kiberiti, niivute, niweke nyingine hukohuko botini.