Jinsi nilivyonyamazisha onyo la "simu yako ina virusi"

Simu ya mama ilikuwa haitulii. Inalia, kisha juu ya kioo linatokea onyo: ina virusi, abonyeze hapo aisafishe. Akilifuta, linarudi jingine.

Nikaizima na kuiwasha. Nikaondoa programu nisizozielewa, nikafuta na historia ya Chrome, programu ya kufungulia tovuti. Programu ya ulinzi ikasema simu ni safi, na onyo likaingia papo hapo, kama vile linatukebehi.

Ndipo nikaacha kusoma onyo lenyewe, nikatazama mstari mdogo wa maandishi hafifu ulio juu yake. Pameandikwa Chrome, kisha anwani ya tovuti tusiyoijua. Kumbe si simu inayosema! Ni tovuti iliyopewa ruhusa ya kutuma arifa. Nyingi huipata ruhusa hiyo kwa kukuambia ubonyeze "Ruhusu" ili kuthibitisha wewe si roboti. Kufuta historia hakusaidii kwa kuwa ruhusa huhifadhiwa kando.

Fungua Chrome, bonyeza nukta tatu, ingia Mipangilio, Mipangilio ya tovuti, halafu Arifa. Itafute ile anwani kwenye orodha ya zilizoruhusiwa, uizuie. Sisi tulikuta na wenzake, tukawazuia wote. Kimya tangu hapo.

Mama hakuwahi kulibonyeza onyo. Aliyekwisha kulibonyeza akajaza namba za kadi, apigie benki kwanza, kwa namba iliyo nyuma ya kadi yenyewe, mipangilio itasubiri.