Sadaka ya Mfungo Tano

Assalamu alaykum, ndugu zangu.

Muhula wa tatu unakaribia kwisha, na kilichonikaa moyoni wiki hii ni mishahara ya Novemba na Desemba katika shule zetu za jamii hapa Lamu, hizi zinazosomesha Qur'ani pamoja na mtaala wa serikali. Karo ya muhula huu hukusanywa Agosti na Septemba. Novemba watoto wako nyumbani, akaunti imekauka, na maalimu bado anadaiwa kodi na ana watoto wake wa kulisha. Kuna shule zenye majengo mazuri zinazokufa. Hufa Januari, pale walimu wawili watatu walio bora wasiporudi kwa kuwa walikaa miezi miwili bila mshahara. Mzazi akiona darasa la mwanawe halina mwalimu, humhamisha, na karo ikaondoka naye.

Tupige hesabu, kwani huruma bila hesabu haimlipi mtu. Tuseme shule ina watoto 180 na walimu 9, karo ni shilingi 4,500 kwa muhula, na kila mwalimu analipwa 25,000 kwa mwezi. Watoto 40 ni mayatima na wana wa mafukara, hawalipi. Hao 140 waliobaki wakilipa wote bila deni, jambo ambalo ni nadra, mwaka mzima zitapatikana shilingi 1,890,000. Mishahara ya miezi 12 ni 2,700,000. Pengo ni 810,000, na hapo hujanunua chaki, hujalipa stima, hujatoa mchango wa mwajiri kwa NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, wala asilimia 1.5 yake ya ushuru wa nyumba. Ile shilingi 1,420 ambayo serikali hutengea kila mtoto wa msingi kwa mwaka ni ya shule za umma. Shule ya binafsi haipati hata thumuni.

Sasa tazama. Watu 135 wakitoa shilingi 500 kila mwezi, kwa mwaka ni 810,000 kamili. Watu 135 ni safu chache tu za msikiti siku ya Ijumaa! Amesema Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba amali ipendezayo zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu, hata ikiwa kidogo. Hadithi hii twaisoma tukizungumzia sala za usiku, lakini mfukoni hatuifikishi. Ramadhani twatoa. Mfungo Sita (Rabiul Awwal), wageni wa Maulidi wanapojaa Msikiti wa Riyadha na nyoyo zimelainika, twatoa tena. Mfungo Tano (Safar), mwezi wa kabla yake, je? Mwalimu hula Mfungo Tano pia.

Niseme wazi, ndugu zangu, na msinikasirikie: twapenda mno kutoa kile kitakachobandikwa jina letu. Atakayejenga darasa hakosekani. Wa kumlipa atakayesimama ndani yake hatafutwi. Na hapa Lamu darasa si jambo dogo. Saruji hushuka lori Mokowe, upande wa bara, hupakiwa mashuani, hupakuliwa ufukweni, kisha ikabebwa na punda mpaka kiwanjani, na kila mkono una ujira wake. Bei ya mfuko dukani siyo bei ya mfuko mahali pa ujenzi. Fundi akichanganya zege kwa mchanga wa pwani usiooshwa au maji ya chumvi, nondo hushika kutu ndani kwa ndani, ikavimba, na zege likapasuka. Upepo wa bahari nao hula mabati. Basi anayejenga aache na fungu la ukarabati, la sivyo ameiachia shule deni lenye jina lake ukutani.

Wazee wetu waliliona hili wakaweka wakfu. Bwana Umar alipopata ardhi ya Khaybar alimwendea Mtume kutaka shauri, akaambiwa aizuie asili yake na atoe sadaka matunda yake. Haiuzwi, hairithiwi, wala haitolewi zawadi. Duka moja la wakfu lenye kodi ya shilingi 15,000 huleta 180,000 kwa mwaka. Lakini pato la wakfu huanza kuutengeneza wakfu wenyewe, ndipo ligawanywe. Duka likipangishwa kwa jamaa wa msimamizi kwa kodi isiyopanda, na paa likaachwa livuje, wakfu huo umeliwa ungali umesimama. Andikeni mkataba: mali ni ipi, pato ni la nani, msimamizi ni nani na nani anamkagua.

Zaka isichanganywe na fungu la ujenzi. Wenye haki nayo ni yale makundi manane yaliyotajwa katika Suratut Tawba. Kwa kauli ya wanazuoni walio wengi haijengi ukuta, lakini mtoto fukara aweza kupewa ikamlipia karo. Kwenye Paybill ya M-Pesa, mtoaji aandike ZAKA, SADAKA au WAKFU pale pa namba ya akaunti, na mhasibu aweke daftari tatu.

Na mtoto asipangwe mstarini kupigwa picha ameshika begi la msaada, midomo imekauka kwa jua, akisubiri mfadhili aje. Qur'ani imetukataza kuziharibu sadaka zetu kwa masimbulizi na maudhi. Habib Swaleh, mwasisi wa Riyadha, aliwakalisha darasani watu ambao wenye nasaba hawakuwatia hesabuni, akawasomesha kama wengine. Mfadhili apewe hesabu za fedha na maendeleo ya masomo. Sura ya yatima si risiti.

Kamati zikutane kabla ya shule kufungwa. Ziandike pengo la mwaka ujao kwa tarakimu, zilisome mbele ya jamaa baada ya sala ya Ijumaa, na daftari la ahadi lifunguliwe hapo hapo: jina, kiasi, tarehe ya kutoa kila mwezi. Makusanyo ya kwanza yawe ya mshahara wa Novemba.